Toba Inayofika Mfukoni

Ule Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la toba miongoni mwa Wakristo lililochipuka Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930, likavuka kwenda Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, tunaukumbuka zaidi kwa wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza, yaani "tunakusifu". Jirani wa aliyeokoka aliutambua kwa jambo jingine kabisa. Mtu alipiga hodi akiwa na kitu mkononi, akasema: hiki nilikuibia, nakurudishia. Wimbo ulikuja baadaye.

Sisi tumebaki na wimbo. Mtu anaokoka Jumapili, anaacha bia, anabadilisha picha ya WhatsApp, na dada wa kazi aliyemfukuza bado anamdai mishahara. Halafu anashangaa mbona maombi ni mazito. Warumi 12:2, mstari tunaoupenda wa kugeuzwa kwa kufanywa upya nia, una jirani yake ukurasa huohuo: Warumi 13:8, msiwiwe na mtu cho chote isipokuwa kupendana. Huo wa pili huwa hauandikwi kwenye fulana.

Anza na daftari, si na machozi. Chora safu tatu: nani, nini, lini. Usijaribu kukumbuka dhambi kwa ukubwa wake, kwa sababu akili italeta mbili tatu zinazojulikana na kuficha nyingine. Pita mahali ulipoishi, hapa kisha pale: shule, kazini, nyumba ulizopanga, kikoba, ukoo, ndoa. Hapo ndipo vinajitokeza vitu ambavyo hakuna anayevitubia: chenji iliyozidi, hela iliyoingia kwenye simu kimakosa ukaitoa haraka, umeme uliopita pembeni ya mita, salio la michango ya msiba lililobaki kwa mweka hazina. Andika kiasi. Usipokikumbuka, kadiria juu, si chini.

Urudishe kiasi gani? Biblia ina hesabu, na hesabu hizo hazifanani. Walawi 6 na Hesabu 5 zinamtaka aliyekosa arudishe kitu chote na kuongeza sehemu ya tano. Kutoka 22 inamshughulikia mwizi aliyekamatwa: mnyama akikutwa hai mkononi mwake, alipe mara mbili, kama ameshamchinja au kumwuza, ng'ombe watano kwa mmoja na kondoo wanne kwa mmoja. Hesabu 5 inamsema anayeungama, kwa hiyo anayejileta mwenyewe mzigo wake ni mwepesi kuliko wa anayekamatwa. Sasa mtazame Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, katika Luka 19. Hakuna aliyemkamata, angeweza kusimama kwenye sehemu ya tano, naye akajihukumia mara nne, tena baada ya kutoa nusu ya mali yake kwa maskini. Mkristo hafungwi na tarakimu hizi kama sheria, lakini sehemu ya tano ni sakafu nzuri. Inafidia miaka ambayo mwenzako alikosa fedha yake.

Tuseme ulizuia mishahara ya miezi minne, elfu sitini kila mwezi. Hiyo ni 240,000. Sehemu ya tano ni 48,000, jumla 288,000. Kama huna, lipa 24,000 kila mwezi kwa miezi kumi na miwili, na umwambie anayekudai tarehe. Usikope ili ulipe, maana unahamisha deni tu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na mara nyingi kwa riba. Usichote hela ya chakula cha nyumbani bila mwenzi wako kujua. Hapo unafungua ukurasa mpya wa daftari. Na anza na anayekudai aliye maskini kuliko wote, hata kama deni lake ni dogo.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kupeleka kanisani hela ya mtu. Mwenye deni anatoa sadaka nono ya shukrani, moyo unatulia, anayemdai anaendelea kulala njaa. Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao (Marko 7), na jambo hili ni ndugu yake. Hesabu 5:8 ina utaratibu: kwanza mwenyewe, akiwa hayupo jamaa yake, na asipokuwa na jamaa ndipo iende kwa Bwana. Kwa hiyo tafuta warithi kwanza. Ulizia kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa alikoishi.

Maneno ya kuombea radhi yawe machache na yataje kitu. "Kama nimekukosea, nisamehe" si toba, ni kumrudishia mwenzako kazi ya kuthibitisha. Sema hivi: "Dada, mwaka 2019 nilikukata elfu sitini nikisema umevunja vyombo. Hukuvunja, nilidanganya. Hii ni elfu sabini na mbili. Naomba unisamehe." Usieleze ulivyokuwa na shida wakati ule.

Watu wa uamsho waliita maisha haya kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7. Nuru ina mipaka ya busara, na hapa wengi wameumiza watu. Toba iwe na upana wa dhambi: uliyemkosea mmoja, mwendee mmoja; uliyedanganya kikundi kizima, simama mbele ya kikundi. Uzinzi hautangazwi kwa kipaza sauti, kwa kuwa unabomoa nyumba ya mtu wa tatu ambaye hakuombwa ruhusa. Wala usimwendee peke yako mliyezini naye. Jambo lenye jinai ndani yake, kama cheti cha kughushi, onana na mwanasheria kabla ya kufungua mdomo; mchungaji wako anaweza kukusindikiza, hawezi kukutetea. Na kama mtoto ameumizwa, hakuna kuyamaliza kifamilia wala kikanisa. Ni polisi, na Tanzania liko Dawati la Jinsia na Watoto kwa kazi hiyo.

Wengine watakataa kupokea. Rudia ombi mara moja, usilazimishe, ila fedha hiyo si yako tena. Mpe mhitaji, bila kupiga picha. Wengine watakutukana. Sikiliza mpaka wamalize, na usiwaalike kwenye mkutano wa injili siku hiyo. Akiwa mbali na unatuma kwa simu, ongeza na ya kutolea.