Ushuhuda Juu ya Mawe ya Moto

Mtoto ametoka shule ya Jumapili na swali: "Papa, watu wa 2002 walikuwa na dhambi nyingi kuliko sisi?" Nimempa jibu fupi. Refu ni hili.

Volkano ya Nyiragongo ilishuka juu ya mji wetu wa Goma, Kongo, Alhamisi, tarehe 17 Januari mwaka huo. Kukimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, kulala nje, kurudi Goma mawe yakiwa bado yanafuka: hayo mnayajua. Jumatatu kituo cha mafuta kikalipuka, makumi ya watu waliokuwa wakichota mafuta yasiyo yao wakafa. Jumapili iliyofuata tulisali nje, maana kanisa letu lilikuwa limezama na kubaki ncha ya paa.

Wakati wa ushuhuda akasimama mama mmoja wa mtaa wa Murara. Lava ilifika kwenye ua wake, akasema, ikagawanyika, nyingine kushoto, nyingine kulia, kwa sababu alikuwa amefunga na kuomba. Makofi. Mchungaji akangoja yaishe, huku akibadilisha mguu, kwani jiwe alilokanyaga lilikuwa bado na joto na soli zilianza kunuka mpira. Kisha akauliza kwa upole: "Mama, na jirani yako wa kushoto, yeye hakufunga?"

Mama akamtazama jirani yake, aliyekuwa amekalia bidoni, yaani dumu, mbele kidogo.

"Tulifunga pamoja, Pasta."

Kuna mtu nyuma alikuwa bado anapiga makofi. Akaacha.

Hapo ndipo Mchungaji akafungua Luka 13. Wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: Yesu anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu, anajibu sivyo, halafu anawageukia wasikilizaji: nanyi msipotubu mtaangamia. Wengi tunashika nusu. Ukichukua "sivyo" peke yake, dhambi inakuwa jambo dogo. Ukichukua onyo peke yake, kila msiba unakuwa hukumu ya mtu fulani. Na mstari wa 6 hadi wa 9 tunauruka kabisa: mtini umekaa miaka 3 bila tunda, mwenye shamba anataka ukatwe, mtunzaji anauombea mwaka mmoja zaidi, aupalilie, autie samadi. Mti haukufanya lolote la kustahili huo mwaka. "Uliyebakiziwa nyumba," akasema, "hukupewa zawadi ya ushindi. Umeongezewa mwaka."

Kuhusu imani akaenda Waebrania 11, wala hakukomea pale tunapopenda kukomea. Mstari wa 34 wapo waliookoka na upanga. Wa 37 wapo waliouawa kwa upanga. Na wa 39 unawashuhudia wote kwa imani ileile. Sasa utaipimaje imani kwa ukuta uliobaki wima? Waefeso 2 akaigusa tu: wokovu ni kwa neema, kwa njia ya imani, nayo matendo mema yanakuja mstari wa 10, nyuma yake. Kufunga kwa yule mama kulikuwa kwema, ila alikuwa amekugeuza malipo.

Mzee mmoja akasimama. "Na wale wa mafuta, Pasta?"

"Vilevile. Bidoni mlizokalia, wiki hii zimebeba maji tu?"

Watu wakanuna. Hata leo sina hakika kama ilifaa kusemwa hivyo, matanga yakiwa hayajaisha. Baba yangu alikubali yote isipokuwa hilo. Wizi ni wizi, alimwambia Mchungaji walipoagana. Mchungaji akasema hajabisha, akamwomba amshikie upande wa pili wa benchi.