Shangazi Anadai Ukurasa Wake

Januari 2019 nilinunua kaunta buku la kwaya tatu pale Kariakoo, nikaandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu: KILA SIKU. Nilifika siku ya kumi na moja. Kurasa zilizobaki zikageuka daftari la madeni ya dukani: mama wa vitumbua, dawa ya mafua, atalipa Ijumaa.

Nauza duka la dawa Mbagala. Nafungua saa mbili asubuhi, nafunga saa tatu usiku. Kuandika nilikupenda tangu shule, na nisifiche, nilitaka jina. Nilituma makala gazetini mara mbili, sikujibiwa. Baada ya hapo kila nikishika kalamu najiuliza, namwandikia nani?

Jibu lilitoka Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, kwa shangazi yangu. Macho yalishaanza kumtupa, na mjukuu aliyekuwa akimsomea alikwenda kusoma Tanga mjini. Jumapili moja ya 2022 nikampigia simu, nikamsomea habari za gazetini. Akanikatiza.

"Hayo ya wabunge nimeyasikia redioni. Wewe jana ulishindaje?"

Nikaanza kubabaika. Jana yangu nilikuwa siikumbuki.

Alhamisi ile, baada ya kufunga duka, nilikaa juu ya kreti la soda nikaandika nusu ukurasa. Jumapili nikamsomea. Tangu hapo ndiyo ratiba yetu: Alhamisi naandika, Jumapili nasoma. Nusu ukurasa tu, kwa sababu najijua; nikijipangia kurasa mbili nitaishia kuhesabu madeni tena. Na naandika palepale dukani, maana nikishafika nyumbani nikaona kitanda, habari imekwisha.

Kuna wiki niliumwa malaria sikuandika. Jumapili nikapiga, "Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimefunga fundo kwenye pindo la kanga. Unadaiwa."

Nililipa wiki iliyofuata, ukurasa mzima.

Ukali wake si wa mafundo tu. Ana sikio. Mara moja niliandika kwamba baba mmoja alikuja kumnunulia mwanawe dawa, fedha zikapungua, "akahuzunika sana". Shangazi akasema, "Alifanyaje?"

"Alihuzunika, shangazi."

"Wewe ulijuaje?"

Nikarudi kwenye daftari. Yule baba alimwaga sarafu juu ya kioo cha kaunta, akazipanga mafungu: za mia mbili huku, za mia huku. Akahesabu. Akazichanganya, akahesabu upya kana kwamba zingeongezeka. Kisha akaisogeza chupa ya dawa ya maji upande wangu kwa kidole kimoja, taratibu, akaomba vidonge vinne, atavisaga mwenyewe. Nilipomsomea hivyo, shangazi alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

Kwa hiyo siku hizi mchana naangalia. Mteja akiingia namtazama mikono kabla ya cheti. Duka lilelile lililokuwa likinichosha sasa linanipa kitu cha kupeleka Bweni, na hilo ndilo linalonishikilia kuliko hamu ya jina, ambayo bado ipo kidogo, sitasema uongo. Shangazi mwenyewe huichokoza. Huniambia Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, tena kazi ilimfikisha Pangani hapo, mchana ushuru, usiku mashairi. "Na wewe uza Panadol zako, uandike."

Tena daftari limeanza kutusaidia. Tulibishana juu ya siku za kimbunga Hidaya, yeye anasema ilikuwa baada ya kufungua mwezi, mimi nasema mwisho wa masika. Nikafungua: Jumamosi, Mei 4, 2024, boti za Zanzibar zimesimamishwa, mabati ya jirani yanapiga makofi, nimefunga duka saa tisa. Hiyo niliiandika siku isiyo yangu, bila kudaiwa.

Sasa nipo daftari la tano. Jumapili iliyopita nilimaliza kusoma habari za foleni ya magari pale Rangi Tatu, Mbagala, ambazo hata mimi naona zilikuwa chapwa. Shangazi akapiga miayo waziwazi.

"Yule baba wa sarafu hajarudi?"

"Hajarudi, shangazi."

"Akirudi muulize mtoto anaendeleaje. Halafu Alhamisi uandike."

Jana nimemwona ng'ambo ya barabara, kabeba mtoto begani. Daladala ilipita katikati yetu, ilipoondoka hayupo. Leo Jumatano. Kesho naanzia hapo.