Una nafasi, wifi

Tangu Jumamosi maneno mawili yamenikaa kooni kama mwiba wa changu. Leo Alhamisi. Nimeona niandike, maana kila nikimsimulia Baba Shani ananijibu, "Sasa hapo kakukosea nini?" halafu anageukia ukutani.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nimeshafua, maharage yako jikoni, Hamadi kaenda madrasa. Nimekaa barazani kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu nimeinyoosha, kitabu mapajani. Mara hodi, wifi huyo na kapu lake, anatoka sokoni Mgandini. Nikamkaribisha. Hakukaa. Alisimama pale kwenye kidaraja, akanitazama kuanzia vidole vya miguu mpaka kwenye kitabu, akasema:

"Una nafasi, wifi."

Nami nikasema, "Aa, kidogo tu." Na mkono wangu, wala sikuutuma, ukakivuta kitabu chini ya kanga.

Basi. Akanipa nyanya alizoniletea kwenye bakuli, tukaongea habari za sare ya harusi, akaenda zake.

Mnaomjua wifi yangu mnajua si mtu wa mafumbo. Ndiyo maana nashindwa kulala. Angekuwa mama mkubwa ningejua nimesemwa, ningenuna siku mbili yakaisha. Wifi akisema kitu, huwa amesema hicho hicho. Sasa hicho ni kipi? Nafasi ya muda, kwamba wenzako tuko juani na wewe umekaa? Au nafasi ile ya "wenye nafasi zao", kwamba siku hizi kaka yangu anakuletea hela toka mpakani Horohoro mpaka unakaa unafungua vitabu saa nne ya asubuhi? Nimelirudia neno hilo kwa sauti ya kupanda na kwa sauti ya kushuka. Jumatatu nilikuwa nalisema kwenye daladala, yule mama wa pembeni akadhani namuuliza kama kuna siti, akasogea.

Halafu jibu langu. "Kidogo tu." Kama mtu aliyekutwa na mkono ndani ya chungu cha mwenzie! Majibu mazuri yote yamekuja baadaye: moja naosha vyombo, moja nimepanga foleni ya benki, moja usiku wa manane nikacheka peke yangu, Baba Shani akaniuliza kama naumwa.

Nimewaza jambo moja ambalo naona hamjaliwaza. Kwetu hapa kila hali ya mtu ina salamu yake. Ukimkuta mtu anafua unampa pole na kazi. Ukimkuta anasuka ukili unasema hongera. Aliyelala, pole umechoka. Anayekula, anakukaribisha yeye kabla hujafungua mdomo. Hata mtu aliyeshika simu ana lake: "Nini hicho unachekea, nitumie na mimi." Anayesoma hana. Mwanafunzi, sawa, huyo utamwambia soma mwanangu. Lakini mtu mzima wa miaka arobaini na tano, hana mtihani, si sheikh wala padri, amekaa na hadithi: utamsalimuje? Wifi alitafuta salamu, akakosa, akachukua iliyokuwa karibu.

Huo ndio utetezi wake niliomtungia Jumanne. Jumatano asubuhi nikawa nimeshaukataa.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo yake. Wakaguzi walikuja masjala wakakaa siku tatu, baba mdogo kalazwa katoka, matokeo ya Shani ya muhula yametoka na si mabaya. Kazini tulitoa mafaili mpaka vumbi likatutoa machozi. Kijana mmoja wa wakaguzi, mpole kweli, aliniuliza, "Mama, wewe kutwa nzima kusoma, jioni unapumzikaje?" Nikamwambia nasoma. Akacheka kwa adabu, akidhani ni utani.

Shani ndiye aliyenimaliza. Nilimsomesha ukurasa mmoja wa kitabu changu, ule wa bibi na kuku wake, nikitegemea acheke. Akasoma mpaka mwisho, akaniuliza, "Mama, dhamira yake ni nini hapa?" Mtoto hana kosa. Ndivyo wanavyofundishwa, na sisi ndivyo tulivyofundishwa: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, na tamathali za semi tano kwa mifano. Mtu unaingia kwenye hadithi kama hawa wakaguzi wangu walivyoingia masjala, unatafuta kilichofichwa kabati gani. Na wengi hata hiyo hadithi yenyewe hawaigusi. Wananunua kile kitabu chembamba cha uchambuzi, kinakwambia nani kafa na kifo chake kina mafunzo gani, biashara imekwisha. Mtihani ukipita, hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba kitabu kinafunguliwa na siku isiyo ya mtihani.

Nikamuuliza mama mkwe maana yeye ni wa kisomo cha watu wazima. Mwaka 1967 katika watu wazima 100 wa nchi hii, 67 walikuwa hawajui kusoma. Kufika 1986 walibaki chini ya 10. Mama ni mmoja wa waliovuka hapo katikati, chini ya mwembe wa shule, jioni, na mtoto mgongoni (mtoto mwenyewe ni huyu Baba Shani). Nikamwuliza, mama, mlikuwa mnasoma nini? Akasema, "Mahindi." Mahindi? "Namna ya kupanda kwa mistari, na kuchemsha maji ya kunywa." Na hadithi je? Akaniangalia kama nimemuuliza kama walikuwa wanapewa na pipi. Chenyewe kiliitwa kisomo chenye manufaa. Cha raha hakikutangazwa. Simlaumu mtu, maana yale maji ya kuchemsha yaliokoa watoto, lakini nimeelewa kwa nini anaponikuta na kitabu huniuliza, "Kinafundisha nini hicho?"

Msiniambie bei, bei naijua. Hiki nilikinunua mwaka jana shilingi 15,000, kwenye duka la barabara ya kumi na mbili ambalo siku hizi nusu yake ni mabegi ya shule na chupa za maji. Elfu kumi na tano ni mchele kilo tano. Nilimwambia Baba Shani elfu nane.

Sasa niseme ukweli ambao nimeuruka tangu juu.

Jana usiku nilikwenda kukichukua kitabu ili nikisome kwa hasira, nikimaliza nikiweke mezani wazi, atakayekuja aje. Nikafungua kwenye alama yangu. Alama ni risiti ya Luku. Nikaisoma ile risiti: tarehe 9 Machi. Leo tuko Agosti. Ukurasa wa 41.

Nikakaa kitandani nikaipeleka akili nyuma mpaka ile Jumamosi, pale kwenye mkeka. Kitabu kilikuwa wazi, ndiyo. Na juu ya ukurasa wa 41 ilikuwa simu. Nilikuwa namtazama mwanamke wa nchi sijui gani anaosha zulia. Anamimina sabuni, anasugua, maji meusi yanatoka, halafu zulia linatokea rangi yake. Alikuwa ameshaosha matatu.

Wifi pale kwenye kidaraja, aliiona simu au hakuiona?

Maana kama hakuiona, alinisema kwa jambo ambalo sikuwa nalifanya, na mimi wiki nzima nimekuwa shahidi wa dini ya kusoma niliyoiacha tangu Machi. Kama aliiona, basi "una nafasi" ilikuwa na maana yake ya kawaida kabisa, na mimi ndiye niliyeirefusha. Na ule mkono uliokivuta kitabu chini ya kanga, sasa najua ulikuwa unaficha nini. Shuleni tulikuwa tunaficha riwaya ndani ya kitabu cha Biolojia. Nimekua, nina watoto, naficha simu ndani ya riwaya.

Nilicheka mpaka nikatoka nje nisiwaamshe watu. Na ndipo nikakumbuka wembe.

Wale wa zamani hapa mnajua mimi na wifi tulikuwa bweni moja kabla sijajua kama ana kaka. Mwaka 1997 ilizuka riwaya moja bwenini, kimoja cha vile vya Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, jalada halipo, kimeshapita mabweni mangapi sijui. Tusijidanganye kwamba tulikuwa watu wa vitabu. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, na shuleni kwetu iliyokuwapo ilikaa ofisini kwa mkuu wa shule. Kuanzia saa tatu usiku ulikuwa na mawili, umbeya au Willy Gamba, na umbeya tulikuwa tumeumaliza. Wanne tukakigombea mpaka kikaanza kuachia uzi. Wifi, wakati huo ni Mwanaidi tu wa kitanda cha juu, akaona tutakiharibu. Akatoa wembe, akakikata vipande vinne, kwa utaratibu, kama anagawa nyama ya shughuli. Kila mtu na chake, ukimaliza unampa wa kulia kwako.

Mimi niliangukiwa na kipande cha tatu. Nilianza na watu wanakimbizana na sijui wanakimbizana kwa lipi. Nikamlilia marehemu ambaye nilikuja kumfahamu siku mbili baadaye, kipande cha kwanza kiliponifikia, akiwa mzima anakunywa chai. Mpaka leo nikisoma hadithi yoyote, mtu akiingia anacheka namwangalia kwa huruma.

Kipande cha nne kilikamatwa na matroni kikiwa kwa mwenzetu mmoja, nimhifadhi jina. Yeye alishakimaliza, sisi watatu bado. Alitutajirikia yule binti! Alikuwa anauza mwisho wa hadithi kwa nusu mkate.

Leo jioni nikaenda genge la wifi kurudisha bakuli, nimetia visheti visiende vitupu. Nikamkuta amekaa nyuma ya matenga, miwani puani, simu karibu na uso, midomo inacheza. Kuna mama amesimama na fungu la bamia mkononi, anasubiri kupokelewa hela. Wifi akamwonyesha kidole: subiri. Akamaliza, akashusha pumzi, akapokea hela.

"Nini hicho?" nikamuuliza.

"Sehemu ya hamsini na mbili."

Kumbe yuko kwenye kundi la hadithi la WhatsApp. Kila wiki anamtumia mwandishi elfu moja kwa simu, naye anawashushia vipande. Hajawahi kuniambia, miezi saba. "Ana roho mbaya huyu kijana," akasema, "anakukatia palepale mtu anafungua mlango." Usiku, akishafunika matenga, anasoma mpaka chaji inakwisha. Mumewe anadhani anahesabu madeni.

Nikaona nafasi yangu imekuja. Nikasema, "Una nafasi, wifi."

"Nafasi naitoa wapi," akasema, "nyanya zote hizi zinaoza." Akafuta miwani kwa ncha ya kanga. Hakukumbuka. Nilimtazama usoni vizuri kabisa, hakukumbuka hata chembe.

Basi nikamuuliza kuhusu wembe. Akapiga ukelele mpaka jirani wa viazi akageuka. Tukaanza kukumbushana, nikamwambia bora wewe uliuziwa mwisho, mimi sikuwa na mkate. Akasema, "Wewe si ulinunua? Aliniambia wewe ulinunua." Nikamwambia sukari nilitoa, nusu kikombe. Tukalinganisha. Mwisho wangu na mwisho wake havikutani hata kwa jina la aliyekufa. Miaka ishirini na nane kila mmoja anadhani anaujua.

Sikumuuliza kama aliiona simu. Nilitaka, maneno yalifika mpaka kwenye meno, halafu akaja mteja wa nazi.

Nimerudi nimesoma kurasa sita. Ya saba nilishika simu kidogo tu kuangalia saa, mnajua kilichofuata. Huyu wa zulia siku hizi anaosha na viti.

Halafu kuna lile fenesi. Mfenesi wetu umezaa moja kubwa kuliko Hamadi, na limening'inia upande wa uani kwa jirani, juu kabisa ya pale kijana wake anapolaza bajaji. Baba Shani anasema halijaiva, haliwezi kuanguka. Nimetoka sasa hivi na tochi kuliangalia. Kikonyo kimeanza kuwa cheusi, upepo wa baharini umeamka, na kwa jirani taa zimeshazimwa. Sijui nigonge.