Waya wa silinda ya tatu

Jana jioni pikapu ya muuza matikiti ilisimama mbele ya duka ikimisi, pwa-pwa-pwa, kimya kidogo, pwa, ikatuachia ile harufu ya petroli mbichi. Binti yangu akaziba pua. Mimi nilibaki na mfuko wa sukari mkononi, maana harufu ile kwangu ni Njombe, ni mvua za El Niño, ni Hilux ya Baba.

Ilikuwa na injini ya 22R, ya petroli na kabureta, na ilishapita mikononi mwa watu kabla yetu. Baba aliinunua kwa fedha ya mbao ili abebe viazi kwenda Makambako. Mwanzoni ilimtii. Mvua za mwishoni mwa 1997 zilipochachamaa, ikaanza kumisi, hasa asubuhi za ukungu, na ikipewa mzigo mlimani ndiyo haitaki kabisa. Fundi wa kwanza aliisikiliza akiwa amesimama, boneti hakufungua, akasema ringi za pistoni zimekwisha, inataka ovaholi, injini ifunguliwe yote. Akataja bei. Mama hakusema neno mchana kutwa. Fedha iliyokuwepo ndani ilikuwa ada ya kaka.

Baba akamwita mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori ya Zambia. Alifika jioni, akatoa salamu yake ya kamwene, akaketi, akanywa chai bila haraka. Maswali yake nayakumbuka. Inamisi ikiwa ya baridi au hata ikishapata moto? Mvua ikikatika je? Ikiwa tupu inapanda? Baba alijibu, naye akawa anatikisa kichwa kama daktari anayemsikiliza mgonjwa.

Kisha akawasha injini, akashika koleo lenye mipini ya plastiki, akawa anachomoa waya za plagi, zile zinazopeleka umeme wa kuwasha petroli kwenye kila silinda, mmoja mmoja. Alipochomoa wa kwanza, injini ikalegea karibu izime. Akaurudisha. Wa pili, vilevile. Alipochomoa wa tatu, hakuna kilichobadilika.

"Huyu halimi," akasema. "Wenzake wanamlimia."

Akazima, akafungua plagi ya tatu. Ilitoka nyeusi, imelowa petroli. Akaihamishia silinda ya kwanza, ya kwanza akaileta pale, akawasha tena: silinda ya tatu bado imelala. Basi plagi haina kosa. Akaitoa tena, akaziba tundu kwa kidole gumba, akamwambia Baba apige stata. Kidole kikarushwa, pfu! Akageuka kumtazama Mama aliyekuwa mlangoni. "Mwanangu, ringi zenu ziko hai. Silinda iliyokufa hainisukumi hivi." Mama akaketi palepale kizingitini.

Giza lilikuwa limeshaingia. Nilidhani atasema turudi kesho. Badala yake akaomba chupa ya maji, akatoboa kifuniko kwa msumari, akaniambia, "Mjukuu, zima karabai."

Niliizima. Giza la Njombe wakati wa mvua unajua lilivyo: mkono wako mwenyewe huuoni. Injini ikawashwa, ikatetemeka, pwa-pwa-pwa, kimya, pwa. Mzee akabonyeza chupa, maji yakatoka kwa matone madogo juu ya zile waya. Mara nikauona. Uzi wa bluu, mwembamba kuliko unywele, ukaruka kutoka ubavuni mwa waya wa tatu kwenda kwenye kibano cha chuma kilichoushikilia. Tik. Ukapotea. Tik. Ulikuwa ukitokea palepale, kila injini ilipokosa pigo lake. Nilisikia harufu ya hewa iliyoungua, kali, ikipenya katikati ya petroli. Baba aliinama hadi paji la uso likagusa boneti. Hakuna aliyesema kitu, na mzee hakuwa na haraka ya kutuondoa pale. Alibonyeza tena chupa ili tuone vizuri.

Waya ulikuwa umesuguliwa na kile kibano hadi ganda likapasuka, mahali ambapo mchana huoni. Mzee alitueleza: ukikanyaga mafuta mlimani, silinda inashindiliwa zaidi, na moto wa umeme unahitaji nguvu kubwa kuruka pengo la plagi. Ukikuta njia nyepesi kabla ya kufika, unatokea hapo, na unyevu unaurahisishia. Ndiyo maana ukungu, ndiyo maana mzigo. Akausogeza waya mbali na chuma, na usiku uleule Hilux ikanguruma kwa silinda zote nne. Baadaye Baba alinunua waya mpya zote. Mzee akazipanga mwenyewe, akiniimbisha mpangilio wa silinda kuwaka: moja, tatu, nne, mbili. Kaka alirudi shule kwa wakati.

Kinachonisumbua ni yule fundi wa kwanza. Baba aliendelea kumpelekea matairi ya kuziba, wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto. Siku moja nikamwambia, "Baba, yule alitaka kukuibia." Akasema, "Pengine. Pengine hajui."

Sasa nina umri aliokuwa nao Baba usiku ule, na bado sijaamua. Asiyejua anaweza kuoneshwa, kama nilivyooneshwa mimi gizani kwa chupa ya maji. Lakini ada ya kaka ingeondoka vilevile, awe alijua au hakujua, na boneti hakuifungua.