Nyavu za mwanga chini ya maji: pima wimbi kwanza

Mchana wa jua kali, ukichungulia maji ya Kivu yaliyotulia, chini utaona mistari ya mwanga inacheza kama wavu. Hiyo ndiyo kostiki. Kwenye renda nyingi (picha za 3D zinazokokotolewa na ordinateri) inatoka kama ukungu, au kama vimulimuli vilivyotapakaa, na wengi hukimbilia kupandisha sampuli (idadi ya miale kwa kila nukta ya picha) kutoka 512 hadi 4096. Mara nyingi kosa liko kwenye wimbi.

Mgongo wa wimbi ni lenzi: unakusanya mwanga wa jua kwenye kina fulani, si juu yake wala chini yake. Kwa maji, ambayo IOR yake (kipimo cha jinsi kitu kinavyopinda mwanga) ni 1.333, jua likiwa utosini, kina hicho ni mara nne ya nusu-kipenyo cha duara linalolingana na mpindo wa mgongo. Kwa wimbi la kawaida hesabu inakuwa fupi: zidisha urefu wa wimbi kwa wenyewe, kisha gawanya kwa mara 10 ya kimo chake, kimo kikipimwa kutoka usawa wa maji hadi mgongoni. Wimbi la urefu wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 1 linakaza mistari kwenye mita 2.5. La sentimita 20 lenye kimo hichohicho linaikaza kwenye sentimita 40 tu. Likiwekwa juu ya kina cha mita 2, miale imeshapishana na kutawanyika zamani, na sakafu inapata ukungu. Punguza kimo hadi milimita 2, mistari inarudi.

Wimbi moja peke yake linatoa michirizi sambamba kama bati la mabanda. Changanya matatu au manne yanayokwenda pande tofauti, ndipo wavu ufungike. Na yawe umbo halisi: sukuma vipeo vyenyewe (pointi zinazounda uso), usitegemee tekscha ya nomali, ambayo inaiga mawimbi bila kuusogeza uso. Kwa wimbi la sentimita 20 weka kipeo kila sentimita 1. Bwawa la mita 4 kwa 4 linafika miraba 160,000, jambo la kawaida kwa ordinateri ya leo.

Sasa Blender, programu ya 3D. Njia ya kawaida ya Cycles, injini yake ya kurenda, inarusha miale kutoka kamera, na jua linachukua karibu sehemu moja tu kwa 90,000 ya nusu ya mbingu. Mwale unaotoka sakafuni kwa bahati nasibu ni nadra ulipate. Tangu toleo la 3.2 kuna msaada, lakini unawashwa sehemu tatu: "Shadow Caustics" kwenye taa, "Cast Shadow Caustics" kwenye maji, "Receive Shadow Caustics" kwenye sakafu. Ukisahau moja, chini kunabaki kivuli cheusi. Maji yawe laini (Shade Smooth), ukwaruzaji (Roughness) 0, na yawe uso mmoja tu, nomali (mielekeo ya uso) zikitazama juu. Ukitumia sanduku la maji ukaacha hewa kidogo kati yake na sakafu, mwale unapinda mara ya pili na hesabu yote ya hapo juu inaharibika.

Pembe ya taa ya jua (Angle, yaani upana wa jua angani) iache 0.53°. Ikiwa 0, mistari inakuwa mikali kama wembe, na jicho linashuku mara moja: kwenye mita 2.5 jua halisi linaipanua kila mstari karibu sentimita 2. Kwa mandhari ya jioni, kagua mteremko wa mwanga majini. Jua lililo 60° kutoka utosini linashuka kwa 40.5° kutoka wima, na kwenye maji yasiyo na mawimbi hakuna mwale wa jua unaopita 48.6°. Ukiona umelala zaidi kwa mbali, huenda IOR imekosewa.

Kuhusu sakafu: mawe meusi ya volkano ya Goma yanameza mwanga. Wavu hauonekani vizuri hata hesabu ikiwa sahihi, na kuongeza nguvu za jua kunaunguza tu kila kilicho juu ya maji. Tandaza mchanga mweupe baina ya mawe.

Mwanga unaocheza ubavuni mwa pirogi ni habari nyingine: umeakisiwa, haukupita majini, na zile sehemu tatu za Shadow Caustics haziushughulikii. Hapo tumia hifadhi ya fotoni ya LuxCoreRender, injini nyingine ya kurenda, na uliteremshe jua. Likiwa utosini maji yanaakisi asilimia 2 tu. Kwenye 60° asilimia 6. Kwenye 80° karibu 35.