Mgonjwa Aliyekuja Mapema

Dada yake ndiye aliyeanza kusema. "Sista, huyu kazini bado anaenda. Lakini asubuhi hashiki kikombe mpaka azimue." Mwenyewe akadakia kwamba ameshaamua: usiku ule anamwaga chupa zote, kesho hanywi tena.

Nilimwomba asimwage kitu kwanza. Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatishiwa ghafla, arosto huanza saa 6 hadi 24 baada ya tone la mwisho: mikono kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio. Degedege, kwa wanaolipata, mara nyingi huja ndani ya saa 48. Kuweweseka na kuona visivyokuwepo hufuata zaidi kati ya siku ya pili na ya nne, na huko watu hufa. Kila mtu ameonywa kwamba pombe inaua. Kwamba kuiacha kiholela nako kunaua, ni wachache wanaoambiwa.

Tukajaza AUDIT, dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 10 na alama 40. Hapa ndipo watu hudanganya bila kukusudia, kwa sababu huhesabu chupa badala ya kilevi. Chupa ya nusu lita ya bia yenye asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi, yaani vipimo viwili vya gramu 10, siyo kimoja. "Chupa nne tu" zake zikawa vipimo vinane. Alipata alama 22, na kuanzia 20 mtu huchunguzwa kama ameshakuwa tegemezi.

Maswali yaliyoamua atibiwe wapi hayamo kwenye dodoso. Umewahi kupata degedege ulipoacha? Una kisukari, ini, kifafa? Unatumia vidonge vya usingizi? Nani analala nyumbani nawe? Majibu yote yalikuwa mazuri, kwa hiyo daktari alikubali atibiwe akiwa nyumbani. Angekuja mwaka mmoja baadaye, sidhani kama angeruhusiwa kutoka wodini.

Daktari akamwandikia diazepamu, dawa ya kutuliza arosto, dozi ikipungua kila siku, na vidonge vya vitamini B1, kwa kuwa mnywaji wa kila siku hupungukiwa nayo na ubongo ndio unaolipa. Vidonge alikabidhiwa dada, si yeye. Masharti yalikuwa mawili: aje kupimwa kila asubuhi, na akionja pombe dada asimpe kidonge, amlete. Diazepamu ikikutana na pombe, pumzi inaweza kukatika.

Siku ya pili alikuja analoa jasho, mapigo yako juu. Daktari akarudisha dozi juu kidogo badala ya kung'ang'ania ratiba. Kufika wiki iliyofuata mikono ilikuwa imetulia, na familia ikaanza kushukuru kana kwamba kazi imekwisha. Mimi huwa naiogopa sana hatua hii, maana kilichotoka ni pombe, tamaa bado ipo palepale. Tukampangia mnasihi kila wiki, na daktari akaagiza ini lipimwe kabla ya kumwanzishia naltreksoni, dawa inayopunguza ladha ya ulevi.

Malalamiko yake yakabaki usingizi. Aliomba aongezewe diazepamu, daktari akakataa: inazoesha nayo. Akamwambia usingizi unaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi, aamke saa ileile kila siku hata kama hakulala.