Safari Chache, Siku Nyingi

Mwaka juzi nilikuwa situlii. Mshahara ukiingia tu, Ijumaa jioni najaza tangi, na Jumamosi alfajiri natoka Nakuru peke yangu ndani ya gari la watu watano. Mara Baringo, mara Kisumu, mara Kakamega, na kurudi Jumapili usiku macho mekundu. Simu ilijaa picha za mahali ambapo sikukaa hata kumaliza chai.

Aliyenishtua ni mvuvi mmoja wa Dunga, Kisumu. Nilikuwa nimesimama kando ya mafunjo nikisubiri mashua, yeye anakung'uta wavu. Samaki wachache, chupa za soda tele, nyingine zimejaa tope hadi shingoni. Mimi nami nikatoa chupa zangu nne tupu, nikaelekea kwenye pipa.

"Dada, hilo pipa likijaa linamwagwa wapi?"

Nikakosa jibu.

"Umetoka wapi?"

"Nakuru."

"Basi rudi nazo Nakuru."

Hakuwa anatania. Nilirudi nazo, zikigongana kwenye buti kila nikikanyaga breki. Nilipofika nyumbani nikagundua sijui hata lori la taka la mtaa wetu huzipeleka wapi.

Chupa hazikunisumbua sana. Nilinunua moja ya chuma, basi. Tena tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, fuo na misitu ya hifadhi. Gari ndilo lililoniuma. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za kaboni dioksidi, ile gesi inayoongeza joto duniani. Kwenda Kisumu na kurudi gari langu hunywa kama lita 30. Piga hesabu: karibu kilo 70, unakaribia gunia la mahindi, kwa mtu mmoja aliyekwenda kula samaki.

Siku hizi nasafiri mara moja kila miezi mitatu, kwa matatu, na nikifika nalala siku tatu au nne. Sisemi ni raha. Magoti yanabanwa, na makanga anaweza kuimba "bado mmoja" saa nzima. Kwa mama kijijini bado naenda na gari, maana sirudi bila mkungu wa ndizi na kuku wawili, na hilo sitalificha.

Lakini Kakamega nimeijua sasa. Zamani nilikuwa naupitia ule msitu kwa saa mbili, nikidhani nimeuona. Safari hii, asubuhi ya tatu pale Isecheno, majani bado yanadondosha mvua ya usiku, aliyekuwa akinitembeza alinishika mkono akanionyesha juu. Mbega, mkia wake mrefu unaning'inia, na kifuani amekumbatia kitoto cheupe pepepe.

"Huzaliwa hivyo," akaninong'oneza. "Weusi huja baadaye."

Simu yangu ilikuwa imezima tangu jana yake. Tulisimama pale hadi shingo zikauma.